Majeruhi kabla ya kufika hospitali: nini kitangulie, nini kisubiri

Katika saa ya kwanza majeruhi huuawa na mambo machache: damu inayomwagika, hewa isiyopita, kifua kinachoshindwa kupumua, na ubongo uliojeruhiwa. Matatu ya mwanzo mara nyingi yanadhibitika pale pale alipoangukia, kwa mikono miwili na vifaa vichache. La nne halitibiki barabarani, ila unaweza kulizuia lisizidi kuwa baya. Kuifahamu orodha hiyo ni rahisi. Kazi iko kwenye kuufuata mpangilio wake wakati macho yanavutwa na mguu uliopinda na masikio yamejaa kilio. Anayepiga kelele ana hewa ya kupigia kelele. Mtafute aliyenyamaza.

Mpangilio wenyewe ulitokana na msiba. Februari 1976 daktari wa mifupa James Styner alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki, watoto wake wakajeruhiwa, na matibabu waliyoyapata mwanzoni yalimsikitisha mno. Yeye na wenzake wakaanzisha mafunzo ya kumchunguza kila majeruhi kwa hatua zile zile, jeraha liwe limeonekanaje, na baadaye wahudumu wa magari ya wagonjwa wakapata mafunzo yao yanayofuata msingi huo huo. Tangu hapo kimebadilika kitu kimoja kikubwa: zamani tulianza na njia ya hewa, leo damu inayomwagika kwa kasi inatangulia hata hiyo. Vita vya Iraki na Afghanistani ndivyo vilivyolithibitisha hilo, kwa gharama ya maisha ya watu wengi.

Nimewaandikia wahudumu wa magari ya wagonjwa, wazimamoto, wauguzi wa vituo vidogo na mtu yeyote anayejikuta wa kwanza kufika. Panapohitaji mafunzo maalumu nitasema wazi, na hapo asiye nayo asijaribu.

Hatua ya 1: Kabla hujamgusa mtu

Simama, tazama pande zote. Magari bado yanapita? Kuna waya wa umeme ulioanguka, petroli inayovuja, ukuta unaokaribia kuporomoka, mtu mwenye silaha? Mwokoaji akiumia, majeruhi wameongezeka na mikono imepungua. Vaa glavu. Hesabu majeruhi, ukiangalia hadi mitaroni na chini ya magari, kisha omba msaada papo hapo, usingoje umalizane na wa kwanza.

Jiulize pia mwili umepata kishindo cha namna gani. Aliyerushwa nje ya gari, aliyeanguka kutoka ghorofani, aliyegongwa akitembea kwa miguu, aliyeketi kando ya abiria aliyefariki: wote hao wachukulie kuwa wameumia ndani, hata kama wamesimama na wanaongea.

Majeruhi wakiwa wengi, wanaoweza kutembea waelekeze wakusanyike mahali pamoja. Hao wanaweza kusubiri. Waliobaki wapime kwa mambo matatu. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Ukiminya ukucha na kuuachia, damu inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Anashindwa kutii agizo jepesi kama "finya mkono wangu"? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja tu, huyo ni wa kwanza kuondoka. Mtu mzima asiyepumua, mfungulie njia ya hewa. Akiendelea kutopumua, nenda kwa mwingine. Ni uamuzi mchungu, lakini ndio sahihi, kwa sababu muda utakaoutumia kwake unawanyima wengine wanaoweza kupona.

Hatua ya 2: Damu inayomwagika kwa kasi

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya karibu lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kuishiwa katika dakika chache, kabla hata gari la wagonjwa halijawashwa. Kwa hiyo tafuta haraka: damu inayoruka, dimbwi linalokua, nguo zilizolowa chepechepe, kiungo kilichokatika. Pitisha mikono chini ya mgongo na mapaja, kisha itazame glavu. Nguo nyeusi na nene huficha mengi.

Ukiona, kandamiza. Weka kitambaa safi au shashi juu ya jeraha, kaza viwiko, mwegemee kwa uzito wa mwili wako. Usifunue kila mara kuchungulia, maana unalibandua donge la damu linaloanza kuganda. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake, lakini kama damu inaendelea kutoka kwa wingi, jua hukandamizi mahali penyewe. Hapo fungua mara moja, uone mshipa unaotoa damu uko wapi, ukandamize hapo hasa.

Jeraha likiwa mkononi au mguuni na ukandamizaji hautoshi, funga turniketi, ule mkanda wa kubana unaokazwa kwa kijiti. Uweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kuelekea mwilini, na usiupitishe juu ya goti wala kiwiko. Kama huoni jeraha lilipo, ufunge juu kabisa ya kiungo. Zungusha kijiti mpaka damu ikome na mapigo ya chini yake yapotee. Ikiwa damu bado inatoka, ongeza wa pili juu ya ule wa kwanza. Majeruhi ataumia sana, pengine akusihi uulegeze. Mweleze kwa upole kwamba maumivu hayo ni dalili kuwa mkanda unafanya kazi. Andika saa uliyofunga, juu ya mkanda wenyewe au kwenye paji la uso wake, na usiufunike kwa blanketi.

Wengi wanaogopa turniketi kwa kuamini kwamba mguu lazima utakatwa. Ndani ya saa 2 madhara ya kudumu ni nadra, na maisha yaliyokwenda kwa sababu ya hofu hiyo hayarudi. Kosa linaloumiza kweli ni kufunga kwa ulegevu. Mkanda uliolegea huzuia damu kurudi moyoni lakini hauzuii inayotoka, hivyo jeraha huvuja zaidi kuliko mwanzo. Ukilazimika kuutengeneza mwenyewe, tumia kitambaa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi na kijiti kigumu cha kuzungushia. Kamba nyembamba na waya hukata nyama. Na usiulegeze "ili mguu upate damu kidogo". Ukishafunga, kuufungua ni kazi ya hospitali.

Kinenani, kwapani na chini ya shingo mkanda haufungiki. Hapo jeraha linajazwa. Sokomeza shashi ndani kwa kidole, ukifuata mahali damu inapotoka, mpaka pasiingie tena, kisha kandamiza kwa nguvu. Shashi yenye dawa ya kugandisha damu huhitaji angalau dakika 3. Ya kawaida, dakika 10 bila kuachia. Kifua na tumbo havijazwi. Damu ya humo inazuiwa na daktari wa upasuaji peke yake, kwa hiyo dawa yake ni kuondoka.

Hatua ya 3: Njia ya hewa

Muulize: "Unaitwa nani? Nini kimetokea?" Akikujibu kwa sauti safi na maneno yanayoeleweka, umejua mambo matatu kwa mpigo: hewa inapita, anapumua vya kutosha, na ubongo unapata damu. Sijui kipimo kingine kinachotoa mengi hivyo kwa sekunde tano.

Asipojibu, sikiliza. Sauti ya kukoroma ina maana ulimi umerudi nyuma. Sauti ya majimaji kooni ni damu au matapishi. Fungua kinywa, ondoa unachokiona, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Kisha sukuma taya lake la chini kwenda mbele kwa vidole vyako, kichwa kikiwa kimetulia. Mwenye kifaa cha kinywani cha kuzuia ulimi akitumie kwa asiye na fahamu kabisa tu, maana aliye nayo kidogo atatapika. Mrija wa puani usiingizwe unaposhuku fuvu limepasuka chini: damu au majimaji yanayotoka masikioni, weusi kuzunguka macho.

Aliyevunjika uso lakini ana fahamu mara nyingi hutaka kuketi na kuinamia mbele ili damu itoke nje. Mwache. Kumlazimisha alale chali ni kumzamisha katika damu yake mwenyewe.

Shingo uishughulikie sambamba na haya: mwenzako ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa mstari mmoja na mwili. Lakini hewa ina haki kuliko shingo. Akitapika, mgeuzeni mzima mzima kwa pamoja. Na aliyechomwa kisu au kupigwa risasi bila dalili ya kupooza hahitaji kufungwa shingo wala mgongo. Dakika unazozitumia kumfunga anazihitaji kwenye chumba cha upasuaji. Ubao mgumu ni wa kumtolea mtu mahali alipobanwa. Usimsafirishe juu yake safari ndefu, utamchubua mgongo.

Hatua ya 4: Kifua

Kata nguo, kitazame kifua chote, pamoja na kwapa na mgongo. Hesabu pumzi kwa dakika. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Chini ya 10 au zaidi ya 30 anahitaji msaada wako. Je, pande zote mbili zinapanda sawasawa? Kuna tundu linalofyonza hewa? Kuna sehemu ya mbavu inayoingia ndani wakati kifua kizima kinatoka nje? Mpe oksijeni kama ipo, kiwango chake katika damu kisishuke chini ya asilimia 94.

Ukimsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa, mpe pumzi moja kila sekunde 5 au 6, kiasi cha kifua kuinuka tu. Mikono yenye hofu hubana haraka mno. Hewa nyingi hivyo huingia tumboni, hujaza shinikizo kifuani na kuizuia damu isirudi moyoni.

Tundu la kifuani lifunikwe kwa plasta maalumu yenye vali ya kutolea hewa. Asiye na plasta hiyo wala mafunzo aliache wazi, akizuia tu damu inayotoka pembeni, kwa sababu kuziba kabisa kunaweza kuifungia hewa ndani. Na hewa iliyofungiwa ndani huua haraka: anazidi kuhema, upande mmoja hausikiki pumzi, mapigo yanakimbia, presha inaporomoka, pengine mishipa ya shingo imevimba. Kama jeraha lilifunikwa, inua ukingo wa plasta kwanza, hewa itoke. Isiposaidia, mwenye mafunzo, na huyo tu, atoboe kwa sindano ndefu na nene. Kwa mtu mzima mafunzo ya madaktari tangu 2018 yanaelekeza nafasi ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, sindano ikipita juu ya ubavu wa chini ili kuikwepa mishipa.

Hatua ya 5: Damu usiyoiona

Hapa ndipo majeruhi wengi hupotea mbele ya watu wanaowatazama. Presha hudanganya. Mwili wa mtu mzima mwenye afya unaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya damu, yaani karibu lita 1.5, kabla kipimo cha juu cha presha hakijaanza kushuka. Mishipa inajibana, moyo unaongeza mwendo, namba kwenye mashine inaonekana nzuri. Ukisubiri presha ishuke ndipo ushtuke, umechelewa.

Itazame ngozi badala yake. Imepauka, ni ya baridi, ina jasho jembamba? Mapigo ya kifundo cha mkono ni zaidi ya 100 na ni membamba? Anapumua haraka? Hatulii, ana wasiwasi, anaomba maji, anasema "nakufa"? Mwamini. Wasiwasi wa namna hiyo mara nyingi ni ubongo unaokosa damu, si woga. Maji ya kunywa usimpe, maana anaweza kuhitaji upasuaji, na matapishi yataingia mapafuni. Lowanisha midomo yake tu.

Jiulize damu imekwenda wapi. Kuna mahali pa aina tano: sakafuni, kifuani, tumboni, kwenye fupanyonga, na katika mapaja. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu bila tone kuonekana nje, na fupanyonga zaidi ya hapo. Usilitikise fupanyonga kupima kama limevunjika. Kila mtikiso hufungua mivujo upya. Ukishuku, lifunge kwa mkanda maalumu wa fupanyonga au shuka lililokunjwa, likipita usawa wa vifundo vya mifupa vinavyojitokeza kando ya nyonga, sehemu ya juu ya mapaja. Wengi hulifunga juu mno, kiunoni, ambako halisaidii. Kisha funga magoti na miguu pamoja.

Kuhusu dripu tumebadilisha mawazo kabisa. Lita kadhaa za maji ya chumvi huichuja damu, huiondolea uwezo wa kuganda, huupoza mwili na kulisukuma donge lililoziba mshipa. Kwa mwenye mafunzo: toa mililita 250 kila mara, mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yasikike au kipimo cha juu kifike 80 hadi 90, kisha simama. Aliyeumia kichwa yuko tofauti. Kipimo chake kisiwe chini ya 110. Palipo na damu ya kuongezea, hiyo inashinda maji yote. Dripu ifungwe njiani. Usimweke majeruhi barabarani kwa ajili ya kutafuta mshipa.

Dawa moja inastahili nafasi yake. Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya wanaovuja damu. Hutolewa gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya saa 3 inaweza kudhuru, hivyo uandike muda wa ajali.

Hatua ya 6: Ubongo

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, hujumlisha kufungua macho, kuongea na kusogeza viungo, kuanzia 3 hadi 15. Alama 8 kushuka ni jeraha kubwa la kichwa. Usipokikumbuka, tumia ngazi nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, haitikii chochote. Tazama mboni: zinalingana, zinasinyaa kwenye mwanga? Pima sukari ya damu pia kama una kifaa, na kabla ya kusema "amelewa", mchukulie kuwa ameumia ubongo.

Kinachokuhusu zaidi ni mwelekeo. Aliyekuwa anaongea na sasa anasinzia yuko hatarini kuliko aliyechanganyikiwa tangu mwanzo na hajabadilika. Mapigo yakizidi kuwa ya polepole huku presha ikipanda na pumzi zikivurugika, ubongo unabanwa ndani ya fuvu. Mkinge na mambo mawili: kukosa oksijeni na presha kushuka. Kama hana dalili za kupoteza damu, mwinue upande wa kichwa nyuzi 30.

Hatua ya 7: Baridi

Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri, na majeruhi hupoa hata mahali penye joto. Kata nguo zilizolowa, chunguza, mfunike mara moja, na uweke kitu kati yake na ardhi.

Ondoka

Kwa aliyeumia vibaya, jipe dakika 10 tangu kufika hadi magurudumu kuzunguka, isipokuwa kama amebanwa na hatoki. Kuanzia hapo kila unachotaka kufanya kipime kwa swali moja: kisipofanyika sasa, atakufa kabla hatujafika? Jibu likiwa hapana, kifanyike gari likitembea. Mpeleke kwenye hospitali yenye upasuaji na damu, hata kama unapita nyingine njiani, ila ikiwa hewa imekushinda kabisa ingia ile ya karibu. Piga simu mapema wakujiandae.

Njiani, rudia hatua zote kila dakika 5, na kila dakika 15 kwa ambaye hali yake imetulia. Sasa ndio wakati wa kumpapasa kuanzia utosini hadi vidoleni, na kumuuliza mzio, dawa anazotumia, maradhi, mlo wa mwisho na namna alivyoumia. Mfupa uliovunjika ufungwe banzi linalovuka kiungo cha juu na cha chini yake; pima mapigo ya chini kabla na baada ya kufunga. Kisu au chuma kilichochoma usikichomoe, kizungushie vitambaa kisicheze. Utumbo uliotoka usiurudishe, ufunike kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi. Kidole kilichokatika kifungwe katika shashi yenye unyevu, kiingie mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Kama ameungua, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ukimkinga na baridi sehemu nyingine.

Watoto hushikilia presha mpaka dakika ya mwisho, kisha huanguka ghafla. Mjamzito aliyepita wiki 20 mlaze akiinamia kushoto, kwa sababu mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu. Mzee anayetumia dawa za presha huenda moyo wake usikimbie hata akiishiwa damu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe haraka hata kwa kipigo kidogo cha kichwa.

Kukabidhi

Taarifa nzuri ni ya nusu dakika. Umri na jinsia, saa ya kuumia, namna alivyoumia, majeraha uliyoyaona, vipimo vya kwanza na vya mwisho, ulichofanya. Waombe wanaopokea wanyamaze wakusikilize kabla hawajamhamisha, isipokuwa kama anahitaji kukandamizwa kifua au damu inaruka. Taja turniketi kwa sauti, mahali ilipo na saa iliyofungwa, kisha mwonyeshe mtu mmoja kwa kidole. Taja dawa na kiasi. Kabidhi mfuko wa kiungo kilichokatika mkononi mwa mtu, usiuache juu ya kitanda. Acha karatasi yako, na usiondoke mpaka anayempokea amekurudishia kwa mdomo wake mambo makuu uliyomwambia.